Shore Hawana Habari na Ukali

Ndoo ya rangi haikai tupu Dar es Salaam. Kwanza huwa ya maji, ikipata ufa huwa ya takataka, ikitoboka kitako ndipo mtu anapata wazo la kilimo. Wazo langu mimi lilikuwa pilipili mbuzi. Mwenye hesabu angeniuliza kwa nini, maana fungu lake gengeni kwetu ni shilingi 500, na ukimsalimia mwenye genge vizuri anakuongezea moja ya juu.

Mbegu nilizitoa kwenye pilipili nyekundu zilizoiva hadi zikaanza kunywea, kwa kuwa za kijani mbegu zake huwa hazijakomaa. Nilizitoa kwa vidole vitupu. Wengi huamini ukali uko kwenye mbegu, kumbe uko kwenye ule utando mweupe unaozishikilia. Mbegu huambukizwa tu. Elimu hiyo niliipatia jichoni. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani. Wangepita kwangu siku ile ningewajibu kwa kirefu.

Nikakimbilia bombani, wapi! Kapsaisini, ile kemikali inayowasha, haipatani na maji, hufuata mafuta. Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali kwa kuzimua pilipili katika maji ya sukari mpaka waonjaji wasiusikie tena. Aliwatumia ulimi. Angewatumia macho, asingepata mtu wa kurudi kazini siku ya pili.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Muheza, alinikuta nimeinamia bomba machozi yananibubujika. Akashusha mkoba wake polepole.

"Kuna msiba, baba? Mbona hamkuniambia?"

"Hapana, mama. Napanda pilipili."

Hakuuliza zaidi. Lakini jioni nilimsikia akimuuliza binti yake kama kazini kwangu mambo yanakwenda sawa.

Nilizisia kwenye trei ya mayai, udongo na samadi kidogo, kisha tukaanza kusubiri. Mchicha ukiumwaga leo, baada ya siku chache unachungulia. Pilipili mbuzi hazina haraka hiyo: huchukua wiki mbili, tatu, pengine na zaidi, tena zikitaka joto la nyuzi 25 hadi 30. Joto hilo Dar tunalo hata usiku wa manane, kwa hiyo sikuwa na cha kusingizia. Mke wangu alikuwa akipita na beseni la nguo akiuliza kama mbegu zile niliziloweka au nilizikaanga. Mwanangu, aliyefundishwa shuleni kwamba mwanasayansi huchunguza, alizifukua zote kuona zimefika wapi, akazirudisha kwa heshima, akanipa taarifa kwamba bado.

Zilipoota, nyumba nzima ikapata mapenzi. Mimi nilimwagilia asubuhi, mke wangu mchana, mtoto alimwagilia kila alipokumbuka, na mama mkwe, bila kumwambia mtu, baada ya swala ya alfajiri. Miche ikaanza kulala mmoja mmoja, shingo imekonda kama uzi. Mabwana shamba huuita kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaopenda udongo usiokauka. Kila mmoja alisema yeye alimwagilia kidogo tu.

Iliyopona ikahamia kwenye ndoo. Februari maua yakapukutika kwa joto, nikanuna. Masika yalipoingia, matunda yakashika, yakaiva, nikaanza kuwatangazia watu kachumbari.

Ndipo akaja shore, yule ndege mwenye kichwa cheusi na makalio ya njano. Alipotua kwenye ndoo sikumfukuza. Nilivuta kiti ili nione adhabu. Akadonoa nyekundu kuliko zote, akameza, akafuta mdomo kwenye kamba ya nguo, kisha akamwita mwenzake. Ndege hawausikii ule ukali kabisa. Kapsaisini haigusi mishipa yao ya fahamu. Na mmea wenyewe ndivyo unavyotaka, kwani mnyama mwenye magego husaga mbegu, ilhali ndege huimeza nzima akaenda kuinya mbali. Yaani ule ukali wote nilikusudiwa mimi.

Mbali yenyewe ilikuwa nyuma ya bafu la jirani, penye mfereji wa maji ya sabuni. Hakuna aliyeandaa udongo pale wala aliyehesabu siku. Kichaka kilichoota kimenipita kiuno, na juzi jirani alikuja kunigongea mlango.

"Shemeji, wewe si ndiye mtaalamu wa pilipili? Chukua hizi, zimenizidi."

Nilipokea mfuko kwa mikono miwili. Mama mkwe akauliza nimezitoa wapi. Nikamwambia zimetokana na mbegu zetu, jambo ambalo ni kweli tupu.