Siga Iliyolala na Makayabu

Siga nzuri hutaka kukaa kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21. Kwetu Kambove, huku Katanga, mwezi wa nane hewa haina unyevu hata wa kulainisha mdomo. Vumbi jekundu la barabara ya Likasi linalala kwenye nyusi za watu, visigino vinapasuka, milango ya mbao inacheza kwenye fremu, na mvua haina mpango wa kuja kabla ya mwezi wa kumi. Huo ndio msimu aliouchagua binamu yangu kumletea baba yake boksi la siga kutoka Liège.

Mjomba havuti. Hakuvuta ujanani, hakuvuta kazini, na binamu alilijua hilo vizuri. Lakini huko Ubelgiji alikuwa ameingia kwenye kundi la wanaume wanaokutana Ijumaa jioni, wanavuta siga mojamoja, wanazitolea alama, halafu wanabishana. Na mtu aliyepata dini mpya huanza kuhubiri nyumbani kwao.

Zilikuwa siga kumi, kila moja imevaa pete ya karatasi ya dhahabu. Zilisokotwa Jamhuri ya Dominika, ila lile jani la juu kabisa, ambalo wavutaji hulisifu kuliko yote, lilitoka Kameruni. Yaani jani lilivunwa Afrika, likavuka Atlantiki kwenda kuvishwa siga, likavuka tena hadi Ulaya, likashuka kwa ndege kwenye uwanja wa Luano, kisha likapanda basi dogo kilomita 120 hadi Likasi na nyingine kama 25 hadi kwetu. Binamu alilieleza hili kwa fahari kubwa. Watu wa Kambove hawakushtuka. Tangu reli ifike hapa mwaka 1913, madini yetu huondoka yakiwa mawe na kurudi yakiwa waya, tena kwa bei.

Tatizo la kwanza lilikuwa unyevu. Kule Liège siga zake hukaa kwenye sanduku la mbao ya mwerezi lenye saa ndogo ya kupimia hewa. Sanduku lilikuwa zito, akaliacha. Kufika hapa, akabonyeza siga moja kwa vidole viwili karibu na sikio, ikalia kama jani la muhindi mkavu. Uso ukambadilika. Akazunguka nyumba akitafuta chombo chenye mfuniko unaobana, akapata sufuria. Akaweka kisahani chenye kitambaa kibichi chini, siga juu, akafunika, akaisukuma chini ya kitanda.

Ilikuwa sufuria ya bukari, ugali wetu.

Jioni mama mdogo akaitafuta, akaipata, akaifunua. Huyu ni mama aliyelisha watu kwa sufuria hiyo tangu enzi za zaire, na nyumba siku hiyo ilikuwa imejaa wageni waliokuja kumwona mtoto wa Ulaya. Akatoa yale majani, akakiosha chombo, akapika. Siga akazipeleka panapokaa vitu vikavu vya nyumba hii, yaani kwenye beseni la makayabu. Binamu alipouliza baadaye, akajibiwa kwa utulivu:

“Kitu kikavu na kitu kikavu vinakaa pamoja. Weye ulitaka bukari ipikwe mu kofia?”

Sasa, kwa asiyejua: makayabu ni samaki wa chumvi, na chumvi kazi yake ni kufyonza maji. Tumbaku nayo kazi yake ni kufyonza harufu. Ukitaka kuiharibu siga kwa njia mbili kwa wakati mmoja, hakuna beseni bora zaidi. Na hakuna aliyegundua mpaka Jumapili baada ya kanisa, viti vilipokwisha kupangwa chini ya mwembe na mimi nimekwisha kukabidhiwa kalamu.

Kazi yangu ilikuwa usekretari. Binamu alikuwa ametuchorea karatasi kwa kufuata jarida la Cigar Aficionado la Marekani, lililoanza mwaka 1992 na ambalo limewazoesha wavutaji kupima kwa alama mia: 15 za umbo na usokotaji, 25 za ladha, 25 za namna inavyoungua na kuvutika, 35 za jumla. Nilipiga mistari. Niliandika tarehe. Mjomba akaomba aione karatasi, akaisoma juu mpaka chini, akavua miwani.

Hapa lazima niseme mjomba ni nani. Alifanya kazi kwenye konsantrata ya Kambove, kiwanda cha kuchambulia madini, upande wa sampuli, mpaka mwaka 2003, wakati wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines zaidi ya elfu kumi walipoondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa na Benki ya Dunia. Maisha yake yote alilipwa kwa jambo moja: kuhakikisha kwamba gramu chache zinazopelekwa maabara zinasema ukweli kuhusu tani nyingi zilizobaki nje. Huwezi kumletea mtu wa namna hiyo karatasi ya alama halafu ukategemea atapumzika.

“Mwanangu, ziko ngapi mu boksi?”

“Kumi, baba.”

“Na unapima ngapi?”

“Moja. Unavuta moja, unatoa alama.”

“Moja. Tena unaanzia ncha moja tu.” Akanigeukia. “Sekreteri, andika: sampuli haitoshi.”

Niliandika.

Akatueleza, kama alivyowaeleza vijana wengi kabla yetu, namna ya kupata sampuli ya haki. Unachanganya mawe yaliyosagwa, unayamwaga yawe kilima chenye ncha, unakibonyeza kilima kiwe bapa, unakigawa robo nne kwa msalaba. Robo mbili zinazotazamana unazitupa, mbili unazichanganya tena, unarudia mpaka ibaki konzi ya mkono. Hapo ndipo unapeleka maabara. Yeyote anayechota juu ya fungu anapima vumbi, na anayechota chini anapima changarawe. Wakati anasema haya mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kupata wembe, na wa kushoto siga.

“Baba, hapana!”

Kwa kweli sijawahi kuona kitu kimepasuliwa vizuri vile. Aliichana siga kwa urefu, kisha katikati, robo nne sawasawa, akazifungua juu ya gazeti. Hata binamu aliacha kulalamika akasogea. Jani la nje lilikuwa jembamba, la rangi ya chai ya maziwa, lina vijipunje vidogo mno ambavyo unavihisi kwa kidole kabla ya kuviona. Chini yake jani la pili, nene na lisilo na urembo, lile la kufunga. Ndani kabisa majani ya tumbo, yamekunjwa kwa urefu, si kukatwakatwa kama kwenye sigara ya dukani, na katikati yao jani moja jeusi zaidi, lenye mafuta. Binamu akapata sauti yake: hilo, akasema, ni jani la juu ya mmea, lililopigwa na jua kuliko wenzake, lina nguvu na huungua polepole, ndiyo maana msokotaji huliweka kati ili moto uende sawa pande zote. Mjomba akatikisa kichwa kwa heshima. Alikuwa amekutana na fundi mwenzake, ijapokuwa fundi huyo alikuwa upande wa pili wa bahari.

Kisha akainusa ile robo. Akainusa tena. Akaangalia jikoni.

“Hii ilikuwa wapi?”

Kimya. Mama mdogo akaendelea kuchambua sombe.

Ya pili ndiyo iliyowashwa. Kiberiti cha gesi kilikuwa kimezuiliwa uwanja wa ndege, njiti zilizimwa na upepo, kwa hiyo likachukuliwa kaa jekundu kutoka kwenye mbabula. Inavyotakiwa, mguu wa siga huzungushwa juu ya moto bila kugusa, upate joto polepole. Binamu alijitahidi. Lakini kitu kilicholala na chumvi kwenye kiangazi cha Katanga hakipashwi joto polepole. Kilishika moto mara moja, upande mmoja, na jani la Kameruni likapasuka toka mguuni hadi kwenye pete.

Akavuta, akashikilia moshi mdomoni bila kuumeza, maana siga haimezwi, akautoa. Macho yakamtoka kidogo. Akasoma kwenye kijitabu alichokuja nacho kwamba tutarajie kakao, mierezi, ngozi na pilipili nyeupe. Siga ikazunguka. Alisema siga haichangiwi. Tukamjibu kwamba Kambove hakuna kinachovutwa na mtu mmoja wakati wengine tisa wanatazama.

Kakao ilikosa shahidi. Ngozi ilizua swali: ngozi ya nini, ya mbuzi au ya mkanda? Jirani mmoja, anayenunua mawe kutoka kwa wachimbaji na ambaye kila kitu hukiona kibaya mpaka bei ishuke, alisema bila kuulizwa kwamba haifiki. Kuhusu mierezi, mjomba, mtu wa Biblia, alisema anaifahamu ile ya hekalu la Suleimani, ila hakuna mahali palipoandikwa ladha yake. Hapa Wametodisti wana mizizi mirefu, na Mulungwishi yenye chuo kikuu chao si mbali. Tumbaku hawaipendi hata kidogo. Mama mmoja wa kwaya alipita njiani, akasalimia kila mtu kwa jina, na kwa jinsi alivyosalimia tulijua kwamba majina yamehesabiwa.

Makayabu, hata hivyo, ilipata kura zote.

Binamu akajaribu kuokoa heshima ya siga yake kwa historia. Che Guevara, akasema, alikuwa mtu wa siga, na alipigana hapahapa Kongo. Mjomba akamsahihisha. Wale Wakuba walivuka ziwa kutoka Kigoma mwaka 1965, wakakaa upande wa Fizi, wakijiita kwa hesabu za Kiswahili, na yeye Che alikuwa Tatu. Huku Katanga wakati huo mtu wetu Tshombe alikuwa waziri mkuu kule Léopoldville, wa upande mwingine kabisa. “Ile siga yake haikufika hapa,” akasema. “Yako ndiyo ya kwanza, na angalia.”

Mabishano hayo yalimwamsha nkambo, bibi yetu. Amepita miaka tisini, anakaa kwenye mkeka wake pembeni, na zamani alikuwa anavuta sigara kwa namna ya akina mama wa kijijini kwake, moto ukiwa ndani ya mdomo. Akaiomba siga. Watu wote wakaogopa. Akaupima ule unene, milimita karibu 20, akautazama ule moto, akaamua kwamba mdomo wake hauna tena nafasi. Basi akaisogeza tu puani.

“Hii ni baraza ya Mbelgiji,” akasema.

Tukangoja.

“Jadotville, Likasi hii. Nilikuwa napiga pasi ya makala. Mashati ya injinia. Jioni anakaa pale na hii, na kama ameimaliza yote hajasema neno, kesho kuna mtu anafukuzwa.” Akanusa tena. “Ya kwake haikuwa na samaki.”

Niliangalia karatasi yangu. Hapakuwa na kisanduku cha baraza, wala cha pasi. Nikaandika pembeni, kwa herufi ndogo.

Siga ya ukubwa ule hupaswa kudumu karibu saa nzima, mtu akivuta kama mara moja kwa dakika. Ile yetu iliungua mbiombio, majivu yakadondoka kwenye suruali ya binamu yakiwa na urefu wa ukucha, na pete ya dhahabu ikaishia kidoleni kwa mtoto wa jirani kabla maharage hayajaiva. Nikaomba alama. Binamu, kwa sauti ya msiba, akatoa 61. Mjomba akakataa namba yoyote mpaka unyevu ujulikane, kwa sababu hakuna mtu mwenye akili anayeuza mzigo mbichi na mzigo mkavu kwa asilimia moja. Akaniamuru niandike ripoti kama ya kazini: usokotaji, kazi ya fundi; unyevu, hakuna; chumvi, ipo; shaba, hakuna dalili. Akatia sahihi. Akamwambia mwanawe atie pia, na mwanawe akatia.

Nane zilizobaki binamu alirudi nazo Liège. Zile robo nne zilizopasuliwa mama mdogo alizikusanya kwenye gazeti, maana siga moja ya namna ile ilikaribia bei ya mfuko wa unga wa kilo 25 na hakuwa tayari kuzitupa. Alizitandika chini ya kuku anayeatamia. Wiki ile ile utitiri ukahama kiota chote, na kuku alitotoa mayai tisa kati ya kumi, jambo ambalo mama mdogo alitaka niliongeze kwenye karatasi, kwenye zile alama 35 za jumla.