Fazi ya Wusi na Jua la Voi

Fazi ni kidude cha kuharibu sauti ya gitaa kwa makusudi, tena kwa pesa yako mwenyewe. Hapo ndipo taabu ya kuieleza inapoanzia. Mama alipoisikia yangu mara ya kwanza, alitoka jikoni na mwiko mkononi akauliza nani amepasua spika. Nikamwambia hakuna aliyepasua, hiyo ndiyo sauti yenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza karo yangu ya chuo ilikuwa shilingi ngapi.

Alikuwa karibu na ukweli kuliko alivyojua, maana waliotutangulia walizipasua kweli. Mmarekani Link Wray alitoboa spika zake kwa penseli ili apate ule ukali wa "Rumble" ya mwaka 1958. Dave Davies wa The Kinks, huko London, aliikata yake kwa wembe, na mwaka 1964 dunia ikacheza. Maestro Fuzz-Tone, kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kilifika madukani mwaka 1962, na mimi hukiona kuwa uvumbuzi wa huruma kwa spika.

Asiniambie mtu kwamba huu ni wazimu wa wazungu. Likembe, ile ala ya Kongo ya kudonolewa kwa vidole gumba, huvishwa vipete vya bati ili ikorome, na anayevivisha ana akili zake timamu. Konono Nº1 wa Kinshasa walijiundia maikrofoni kwa sumaku za vipuri vya magari chakavu, wakazipaza hizo likembe hadi mitaa ikatetemeka, na albamu yao Congotronics ya mwaka 2004 ikawapeleka duniani. Wazambia nao, WITCH na Ngozi Family, waliikanyaga fazi miaka ya 1970 bila kumwomba mtu ruhusa.

Nilichotaka mimi ni ndugu wa Fuzz Face, ile iliyotolewa na Arbiter wa London mwaka 1966, ya mviringo, ambayo Jimi Hendrix aliikanyaga hadi ikawa na jina. Ndani ina vipande 11 tu: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu na vinobu viwili. Ukisikia 11 unadhani ni kazi ya jioni moja. Lakini transista zenyewe ziwe za jemaniamu, zile za redio za babu, na redio za babu siku hizi ni viota vya kuku. Nikateremka kutoka kwetu Wusi hadi Mwatate, kwa mzee mmoja fundi wa redio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Redio gani?"

"Si redio, mzee. Natafuta transista za zamani, AC128 ukiwa nazo. Nataka gitaa likorome."

Akavua miwani. "Likorome?"

"Ndiyo, mzee."

"Kijana, mimi nimesomesha watoto kwa kuiondoa hiyo sauti."

Akaniuzia hata hivyo, kwa bei ya mtu anayejua huna duka lingine la kwenda.

Kasha la kwanza lilikuwa la plastiki, lile la kuwekea sabuni ya kuogea. Lilipendeza. Shida ya plastiki ni kwamba haizuii mawimbi, na waya mrefu wa gitaa ni antena tosha. Transista inayopasua noti haioni ugumu kupasua na mawimbi ya redio ikayatoa yakiwa maneno. Milima yetu ya Taita nayo, na minara iliyosimama pale Vuria kwenye mita 2,208, haina ukame wa mawimbi. Jumapili moja, katikati ya sala ya kimya, amplifaya ya kwaya ikaanza kusoma matangazo ya vifo kwa sauti nzito ya kukwaruza. Waumini walizidi kuinamisha vichwa. Tangazo lilipokwisha, mtu mmoja nyuma akasema "Amina."

Kasha la pili ni la bati: mkebe wa jiometri wa mpwa wangu. Bati likiunganishwa na waya wa chini, redio hunyamaza. Mpwa alinipa kwa sharti kwamba jina lake lisifutwe, na ndiyo maana fazi yangu, jukwaani, iko Kidato cha Pili.

Watu huniuliza kifaa chenye vinobu viwili kitatoa sauti ngapi. Nyingi, ila hazitoki kwenye vinobu hivyo. Kinobu cha maana kiko kwenye gitaa. Fungua sauti ya gitaa yote, upate ukuta. Ipunguze hadi kama saba, ukali unalegea na unabaki na sauti yenye kingo, ya kujibizana na mwimbaji. Ipunguze tena, zinabaki nyuzi safi, zinang'aa kuliko bila fazi kabisa, unaweza kudonoa benga. Hamia pikapu ya shingoni, ziba toni, na gitaa linapuliza zumari. Betri ya volti tisa ya bei rahisi ikichoka, noti zinachanika na kukatika vizuri sana. Mwenye duka aliyeniuzia betri kuukuu hajui amenifadhili. Mwalimu wa kwaya alinishika bega baada ya ibada akasema afadhali nimeacha kile kidude changu. Kilikuwa kimewaka tangu wimbo wa kwanza.

Basi nikaitwa harusini Voi.

Jemaniamu huvuja umeme, na uvujaji huo karibu huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Wusi asubuhi, nikiwa na sweta, nilikuwa nimeipima transista ya pili ikakaa kwenye volti 4.5, nusu ya betri, panapostahili. Kisha matatu ikateremka zile kona, ikapita mkonge wa Mwatate, ikatutupa Voi saa saba mchana chini ya hema jeusi. Ni nani aliyeanza kuuza mahema meusi Voi?

Bi harusi akaomba "Malaika". Kwetu hilo si ombi dogo: Fadhili William, aliyeurekodi ukavuma, ni mwana wa Taita (nani aliutunga, waulize wazee ukiwa na siku nzima). Nikakanyaga. Kila noti ilikata roho kabla haijazaliwa vizuri, ikikohoa. Shangazi wa bi harusi akanisogelea na sahani yake ya pilau.

"Mwanangu, huo ni wimbo au mnasaga posho?"

Ningeweza kuhamia transista za silikoni, BC108, zisizojali jua. Lakini hizo hukwaruza masikio na hupenda redio kuliko mzee wa Mwatate. Badala yake nimeongeza rezista ya kugeuzwa kwa bisibisi, na nimefanya mapatano na mama anayeuza soda kwenye sherehe za Voi: kwa bei ya soda moja, fazi hukaa ndani ya sanduku lake la barafu hadi zamu yetu, imefungiwa kwenye chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani. Sauti inatoka ya Wusi kabisa, walau kwa nyimbo tatu za kwanza. Majuzi mtoto mmoja aliyetumwa soda alichungulia humo, akasoma jina la mpwa wangu, akapiga kelele hema zima lisikie: "Mama, kuna mtu amesahau hesabu kwenye barafu!"