Bosi Msikivu

Tangu kampuni ya usanifu ya IDEO na Chuo Kikuu cha Stanford waeneze fikra za kiusanifu, kila bosi wa timu ya wabunifu wa programu anazijua hatua tano: mwelewe mtumiaji, bainisha tatizo, buni mawazo, unda kielelezo, jaribu. Anazikariri kama dua ya safari. Mteja wa benki atahojiwa hadi rangi ya kitufe inavyomgusa moyo. Mbunifu aliyekesha akikichora hajaulizwa hata kama amekula.

Akinung'unika, inaitishwa warsha. Ukuta mzima unabandikwa vikaratasi vya njano, feni ikiwashwa vinapeperuka. Kimoja kimeandikwa “mikutano imezidi”. Kikapangiwa mkutano, Ijumaa saa kumi na moja jioni. (Chai ilikuwepo, tusimsingizie mtu; mandazi ndiyo yaliyoishia meza ya wakubwa.)

Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, alishauri kwamba ukijaribu na watumiaji watano tu, kasoro nyingi zitajitokeza. Bosi wetu anao saba, wanamtumia kila siku, na wawili wameshaandika barua za kuacha kazi. Maoni hayo, anasema, ni ya thamani sana. Atayachambua robo ijayo ya mwaka.