Sifa za F ya Hisabati

Washairi wetu wameusifu mnazi, wamesifu jahazi, na wapo waliosifu hata ugoro. Ni aibu kwamba F ya Hisabati ya kidato cha nne haijapata wa kuisifu, ilhali vitu alivyotoka navyo Mtanzania shuleni ni vichache vilivyodumu naye kama hiyo. Viatu viliisha, madaftari yalifungiwa karanga, mchumba wa kidato cha tatu kaolewa Singida. F ipo, katika bahasha ya kaki chini ya sanduku, haijachuja hata wino.

Ukitaka kujua ubora wake, mtazame tabibu wa zahanati aliyemaliza kidato cha nne mwaka 2008. Leo ndiye mganga mfawidhi, na kijiji kizima kinamwita dokta. Usiku akiletewa mtoto anayetetemeka kwa malaria kali humpima uzito, kisha hupiga hesabu ya artesunate: chini ya kilo 20 ni miligramu 3 kwa kila kilo, kuanzia hapo ni 2.4, sindano ya kwanza sasa hivi, ya pili baada ya saa 12, ya tatu ikitimia saa 24. Akitundika lita moja ya maji iishe kwa saa nane, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, anajua ni kama matone 42 kwa dakika, na huyahesabu kwa saa ya mkononi huku tochi ya simu ameing'ata kwa meno. Hesabu zote hizo hufanywa na mtu ambaye, kwa mujibu wa cheti chake, hajui hesabu.

Siku moja anaamua kuomba nafasi ya kusomea shahada ya udaktari: miaka mitano darasani na mmoja wa mafunzo kwa vitendo. Anafungua mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Mwenye stashahada ya utabibu anatakiwa awe na wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Anayo. Namba ya uhakiki wa stashahada anaipata. Kisha anatakiwa awe na walau D za kidato cha nne: Kemia anayo, Baiolojia anayo, Fizikia anayo, Kiingereza kwa tabu lakini anacho. Hisabati. Hapo ndipo F inapotoka kwenye bahasha, inajinyoosha, inamwamkia kwa jina lake kamili na namba yake ya mtihani.

Nani mwingine angemkumbuka hivyo? Mwajiri wake alisahau kumpandisha daraja. Waliomsimamia chuoni wamestaafu. Akina mama aliowazalisha wamehama. F haimsahau mtu.

Tena ina adabu ya kuchagua wa kumsumbua. Kijana wa kidato cha sita aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia huulizwa alama zake za masomo hayo matatu tu. Akiwa naye alipata F ya Hisabati miaka miwili nyuma, sharti la kuingia udaktari halimgusi. Anapita na koti lake jeupe jipya. F haipotezi muda na watoto. Humngoja mtu mzima mwenye mke, mkopo wa benki na kipara kinachoanza, mtu anayeweza kustahimili. Heshima ya namna hiyo kwa wakubwa imekuwa adimu siku hizi.

Wako wanaodai kwamba F hiyo ni ushahidi wa uvivu wa mwanafunzi. Hao hawaijui nasaba yake. Mwaka 2004 nchi ilianza mpango mkubwa wa kupanua elimu ya sekondari, na shule za kata zikaota kila mahali: kuta za matofali ya kuchoma, mabati yanayong'aa, na ubao mweusi usio na wa kuuandikia. Serikali ikachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya muda mfupi, ikawatawanya mashuleni. Wananchi wakawabatiza jina la vodafasta. Mwenye bahati alimpata mmoja wa Hisabati. Wengine walifundishana wenyewe, aliyeelewa kidogo akimfundisha asiyeelewa kabisa, na matriki wakakutana nazo kwenye chumba cha mtihani. Hata baadaye, kwa miaka kadhaa, waliofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne walikuwa kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo F ya tabibu wetu ni kumbukumbu ya mwalimu ambaye hakuletwa. Taifa lilimpa mtoto F hiyo, na sasa linamdai mtu mzima maelezo.

Lakini sifa yake kubwa ni utumishi wake vijijini. Mikutano mingi imeitishwa kujadili namna ya kuwabakiza wataalamu wa afya huko: nyumba za watumishi, posho ya mazingira magumu, sola. F inafanya kazi hiyo bila posho. Tabibu akipata shahada anaweza kuhamia mjini na kubobea kwenye upasuaji wa mifupa. Akiwa na F anabaki palepale, na kijiji kinaendelea kuwa na mtu wa kuamshwa usiku.

Zamani kulikuwa na mchepuko ulioinyima F ulaji. Tabibu mzoefu alisoma miaka miwili zaidi akawa daktari msaidizi, akaruhusiwa kupasua na kutoa mtoto tumboni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upasuaji wa dharura wa uzazi wa madaktari hao na ule wa wenye shahada katika hospitali za wilaya nchini Tanzania, na haukukuta tofauti ya maana katika matokeo. Habari kama hizo zinaivunja moyo F, na mimi niliyekuja kuisifu sitazirefusha.

Anayetaka kuachana nayo hana budi kurudi ilikozaliwa. Atajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake ianze na P badala ya S. Mwezi Novemba ataketi saa tatu nzima na kitabu cha majedwali, kikokotozi marufuku, na huenda msimamizi ni mtu aliyemtibu busha. Ninacholaumu hapo si mtihani. Daktari ajue hesabu, na hilo silipingi hata kwa mzaha. Ninachouliza ni kwa nini chuo kikitaka kujua kama tabibu huyu anaweza kuhesabu, kisimpe karatasi ya dozi na matone akaijibu leo, kikaacha kumuuliza mtoto wa mwaka 2008.

Mpaka TCU na vyuo watakapolijibu hilo, tabibu unayesoma haya, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka. D inaanzia alama 30.