Sachi ya Bi Kuku

(Uani mwa ofisi moja ya ardhi, Pwani ya Kenya. Kunguru ametua juu ya gari bovu la serikali. Bi Kuku amekumbatia mkoba. Mzee Panya, mzaliwa wa masjala, anachungulia tunduni.)

KUNGURU: Karibu mama, karibu. Nipe nambari ya ploti tu, kisha ukae hapo kivulini unywe soda. Sachi, yaani kuitazamia ploti rejistani, ni elfu nane.

BI KUKU: Elfu nane! Mwanangu, ploti yenyewe naidunduliza kwa mayai.

KUNGURU: Mama, humo ndani kuna wenyewe. Juzi bwana mmoja kajitia ujuzi, kaingia peke yake, kaambiwa jalada halionekani. Nikaingia mimi, likaonekana kabla sijakunja mabawa.

MZEE PANYA: Lisionekane vipi, nawe ndiwe uliyeagiza litiwe nyuma ya kabati? Nililala juu yake siku nne.

KUNGURU: Mzee, hapa hujaitwa.

MZEE PANYA: Sijawahi kuitwa popote. Bi Kuku, mimi kurasa nimezila, sikatai. Kuna rejista moja ya ploti za ufuoni niliianza kwenye gamba nikaishia kwenye rehani ya benki. Lakini kuuza, sijauza hata ukurasa mmoja.

BI KUKU: Sasa babu, mimi na ukuku wangu huu, nitaoneshwa?

MZEE PANYA: Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 34: anayetaka sachi rasmi ana haki ya kupewa yaliyomo rejistani, akishalipa ada. Nimekisoma chote kabla sijakitafuna, sikuona palipoandikwa apitie kwa ndege. Na ada yenyewe kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 500, kwa risiti.

BI KUKU: Mia tano? Na hizo elfu saba na ushei?

KUNGURU: Za uwezeshaji, mama.

MZEE PANYA: Zinamuwezesha kula pilau.

KUNGURU: Cheka tu, mzee. Zama zako zimekwisha. Aprili 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizindua Ardhisasa, wakaanza na Nairobi, karatasi zikawa za kwenye kompyuta. Wewe utakula nini, waya?

MZEE PANYA: Waya nimeonja, hauna chumvi. Nami nilidhani siku ile tumefukuzwa kazi sote wawili. Kumbe mwenzangu kahamia saiba ya hapo ng'ambo, anawafungulia watu akaunti kwa elfu mbili, na nywila anabaki nayo yeye! Bi Kuku, sikiliza: kama daftari la huko kwenu limeshaingia mtandaoni, jisajili mwenyewe kwa kitambulisho chako. Kama bado, dirisha lile pale. Peleka nakala ya hatimiliki, ulipe, usubiri cheti. Kitakwambia mwenye ardhi ni nani, kama iko rehani, kama kuna mtu ameiwekea zuio.

BI KUKU: Muuzaji anasema hatimiliki yake imepotea. Huyu mwanangu Kunguru kaniambia hilo ni jambo dogo.

(Kunguru anatazama baharini.)

MZEE PANYA: Dogo kwake! Hatimiliki ikipotea, msajili hutangaza katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba baada ya siku 60 atatoa nyingine, asipotokea mwenye pingamizi. Gazeti hilo hutoka kila Ijumaa, na tovuti ya Kenya Law huliweka bure. Tafuta tangazo la ploti hiyo. Usipoliona, mwambie muuzaji akaitafute hatimiliki yake, nawe urudi kwenye mayai.

BI KUKU: Na huyo muuzaji akisema yeye si mtu, ni kampuni?

MZEE PANYA: Basi kuna Huduma ya Usajili wa Biashara. Omba CR12, uone wakurugenzi na wenye hisa. Usishangae ukikuta jina lenye manyoya.

KUNGURU: Mzee! Nina watoto!

BI KUKU: Babu, mimi Kiingereza sikijui. Wakinigeuzia maneno pale dirishani?

MZEE PANYA: Kiingereza kisikutishe. Na kwa rekodi nyingine ya serikali wanayokuficha, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, ndivyo sheria yenyewe isemavyo. Asiyejua kuandika, afisa anapaswa kumsaidia. Kuwasilisha ombi hulipi kitu, ila gharama ya nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu, na hawawezi kukunyima ati kwa kuwa hukusema unaitakia nini. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Ombudsman.

KUNGURU: Siku 21! Mama, mimi kabla ya adhuhuri.

BI KUKU: Na risiti unatoa?

KUNGURU: ...Risiti?

BI KUKU: Basi nishike foleni.

KUNGURU: Umeniharibia soko, mzee. Watu wote wakijua hivi tutaishije?

MZEE PANYA: Wengi wanajua. Wanaogopa foleni, na woga huo ndio duka lako. Enyi mliosimama hapo langoni na noti zenu mkononi, dirisha hufunguliwa saa mbili asubuhi. Njooni na vitambulisho, na msiondoke bila risiti.