Jinsi ya Kufunga Bidoni Isirudi Beni Peke Yake

Bidoni ya lita 20 iliyojaa mawese ina uzito wa kilo 18 hivi, na ina nia moja tu maishani: kurudi chini. Kutoka Beni hadi Butembo, mashariki mwa Kongo, ni kilomita kama 54, na kwenye kona za Kabasha, barabara inapopanda milimani, ndipo nia hiyo hupata nafasi. Mwongozo huu ni wa mwenye baiskeli anayetaka kuingia Butembo pamoja na mzigo wake wote.

Anza na keria. Nyingi zinazouzwa Ulaya zimegongwa mhuri wa kilo 25 kuwa mwisho wake, yaani bidoni moja na mfuko mdogo wa chumvi, basi. Mafundi wa Beni na Butembo hawana subira na mahesabu ya namna hiyo. Huchomelea chuma kinene, miguu ya keria ikashuka hadi kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma, ili uzito uende kwenye gurudumu na usining'inie kwenye fremu. Kabla hujapakia chochote, shika keria tupu kwa mikono miwili uitikise kwa nguvu. Ikilia, kaza nati. Ikizidi kulia, mrudishie fundi siku hiyohiyo, maana keria inayolalamika ikiwa tupu itakatika ikiwa imebeba, tena itachagua mahali pasipo na fundi.

Sasa tuje kwenye kamba, na hapa nina msimamo ambao sitaulegeza: ukanda wa tyubu kuukuu haujapata mpinzani. Kamba ya nailoni hupendeza asubuhi. Unaikaza hadi inatoa sauti, unaipiga fundo la kishujaa, unaondoka ukiimba. Baada ya mashimo machache mzigo umejipanga upya, umepungua vidole viwili, na nailoni, kwa kuwa haivutiki wala kurudi, imebaki kuzunguka hewa. Ukanda wa tyubu huvutwa hadi karibu mara mbili ya urefu wake, na mzigo ukisinyaa nao husinyaa ukiufuata, ukiubana vilevile. Ukitaka ukanda mrefu, kata tyubu kwa kuizungusha, upana wa vidole vitatu, uanzie ncha moja hadi nyingine bila kuikatisha. Tyubu ya gari hudumu kuliko ya baiskeli. Ile yenye viraka usiitumie, kwa kuwa itakatika palepale penye kiraka.

Namna ya kufunga ndiyo hii. Laza miti miwili migumu juu ya keria, uifunge kwanza peke yake kana kwamba ndiyo mzigo wenyewe. Bidoni moja kushoto, moja kulia, zining'inie chini kadiri inavyowezekana, na zisogee mbele ya ekseli badala ya nyuma yake. Zikikaa nyuma, mpandoni gurudumu la mbele litainuka na usukani utageuka pambo. Zijaze zote mbili sawasawa hadi shingoni. Bidoni nusu ni hatari kuliko bidoni kamili, kwani mafuta hukimbilia kila upande unaoinama na kukusukuma nawe uelekee hukohuko. Pitisha ukanda chini ya bidoni, uuvute juu, uuzungushe kwenye mti, halafu uuvushe upande wa pili kwa msalaba. Kila mzunguko uukalie ule uliotangulia. Mwisho usipige fundo: sokomeza ncha chini ya mizunguko miwili ya mwisho. Msuguano wa mpira kwa mpira utaishika, nawe utaifungua kwa mvuto mmoja ukifika kwenye bariera ya ukaguzi, wakati watu walio nyuma yako wanaanza kupiga kelele.

Ncha inayoning'inia ikatwe au ifichwe. Ikiingia kwenye spoku utasimama wewe, itasimama baiskeli, na mawese yataendelea na safari. Pia futa mafuta yaliyomwagika shingoni mwa bidoni, kwa sababu mpira uliolowa mawese huteleza.

Wenye mikoba ya kisasa, ile ya kuning'iniza pembeni mwa keria, nanyi njooni karibu. Kulabu mbili za juu hubeba uzito, ile ndogo ya chini huzuia mkoba kupepea na kuruka. Wengi hufunga za juu, huridhika, na kuisahau ya chini. Barabara yenye makorongo huwakumbusha. Ifungeni, mkoba usogezeni nyuma kiasi cha kisigino kupita bila kugonga, kisha zungusheni ukanda wa tyubu juu ya vyote. Ukanda huo hautaaibisha mkoba wa bei yoyote.

Mtihani wa mwisho ni mfupi. Shika kiti, tikisa baiskeli kulia na kushoto. Baiskeli na mzigo vikienda pamoja, nenda. Mzigo ukichelewa kidogo kufuata, fungua uanze upya. Halafu, baada ya kilomita chache za kwanza, simama ukaze tena. Ukimsikia mtu kando ya njia akisema, "Papa, muzigo inaanguka!" usibishane naye. Yeye anaona nyuma, wewe huoni.

Mzigo ukizidi miguu yako, usipande; sukuma. Funga mti mmoja kwenye usukani ili uuongoze ukitembea pembeni, na mwingine usimame nyuma ya kiti uwe mpini wa kusukumia. Ufundi huu una heshima yake duniani. Mwaka 1954 maelfu ya Wavietnam waliutumia kupeleka chakula na silaha kwenye mapigano ya Dien Bien Phu, baiskeli moja ikibeba zaidi ya kilo 200. Na wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, barabara ya Kisangani ilipokuwa imeharibika hata malori hayapiti, wafanyabiashara walisukuma baiskeli zenye bidhaa katikati ya msitu, safari ya zaidi ya kilomita 600 kati ya Kisangani na Beni. Hao wanastahili sanamu, kama chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, ilivyopewa yake pale Goma.

Uwe pia na mti wa kuegemezea. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, wasafiri wa huku walisimamishwa njiani wanawe mikono na kupimwa joto, na baiskeli iliyopakiwa ilihitaji kusimama bila kushikwa na mtu. Bariera za namna nyingine bado zipo.

Na wewe dereva wa lori au wa pikipiki unayepanda Kabasha: ukimkuta mtu anasukuma bidoni zake, usimpigie honi. Hawezi kusogea haraka, na akiyumba, mzigo utamvuta hadi chini ya magurudumu yako. Punguza mwendo, mpe nafasi pana, ndipo upite.