Kasri la Magurudumu Sita

Katika nchi ya Marekani, ambako ardhi ni pana na nyumba ni ghali, wamezuka waungwana ambao, baada ya kuzitazama bei za majumba na kuona hawaziwezi, huenda mnadani wakanunua basi la shule lililochakaa, wakang'oa viti vyake, ambavyo nati zake zimeshikana kwa kutu hata hazifunguki ila kwa kukatwa na grainda, kisha wakatandika mbao, wakaweka jiko la kuni, wakapanga paneli za sola juu ya paa, na wakatangaza kwamba wameupa mgongo ulimwengu na anasa zake.

Rangi ya manjano, iliyoafikiwa mwaka 1939 katika mkutano wa New York ili basi lionekane hata alfajiri, haina budi kufutwa, kwani majimbo mengi hayaridhii makazi ya mtu yajifanye chombo cha wanafunzi. Kimo cha ndani ni futi 6 na ushei, basi tajiri wake akiwa mrefu hushinda ameinamisha shingo kana kwamba yu mbele ya kadhi. Na choo, ambacho kwa hakika ndicho mizani ya zuhudi, aghalabu ni ndoo na unga wa mbao.

Ajabu ni kwamba ufukara huu wataka mtaji. Fukara halisi, alalaye garini kwa kukosa kodi, akiegesha barabara ile ile hufukuzwa na askari, ilhali jirani yake hupigwa picha, na wapita njia humwuliza, kwa taadhima, mbao zile za mwerezi amezinunua wapi.